Siku tano za kumsubiri Kamerun: kijiji kisicho na mechi katika Kombe la Dunia la 2002

Kisa hiki kinahusu kijiji cha milimani nchini Japani ambacho hakikuandaa hata mechi moja ya Kombe la Dunia la 2002, kikaalika timu ya taifa kupiga kambi, timu ikachelewa siku tano, na bado kijiji kikatoka na faida ambayo miji yenye viwanja iliikosa. Tumekichambua kwa ajili ya maofisa wa halmashauri na kaunti, wenye hoteli na gesti, na vyama vya soka vya mikoa isiyo na uwanja wa mashindano. Jina la kijiji na la timu tumeyabakiza kwa kuwa yanajulikana sana. Ya viongozi wa kijiji, wanakijiji na wafanyabiashara tumeyaondoa.

Usuli

Mashindano ya 2002 yaliandaliwa na Japani na Korea Kusini, kuanzia 31 Mei hadi 30 Juni, kwenye viwanja 20, kumi kila nchi. Kisiwa cha Kyushu, chenye mikoa saba, kiliambulia uwanja mmoja tu, ule wa mji wa Oita, nao ulipewa mechi tatu. Kijiji cha Nakatsue kilikuwa ndani ya mkoa huohuo wa Oita, ila upande wa pili kabisa, magharibi, kwenye milima ya mierezi inayopakana na mikoa ya Kumamoto na Fukuoka. Wageni waliokuja kuziona mechi za Oita hawakuwa na sababu ya kupita huko.

Wakazi walikuwa kama 1,300, na wengi wao wazee. Uhai wa kijiji ulikuwa mgodi wa dhahabu wa Taio, uliokuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu ya Japani katika miaka ya 1930. Ulifungwa mwaka 1972. Baadhi ya mahandaki yakageuzwa makumbusho ya chini ya ardhi, na katika eneo hilohilo kukawa na kituo cha michezo chenye uwanja wa nyasi na mahali pa kulala wanamichezo. Mali ya kijiji ilikuwa hiyo: uwanja, malazi, hewa ya mlimani na utulivu.

Kuna jambo jingine la kujua kuhusu mkoa huu. Oita ndiko ulikoanzia, mwaka 1979, mpango wa "kijiji kimoja, bidhaa moja", uliosambaa baadaye hadi Malawi na nchi nyingine za Afrika. Wazo lake ni kwamba kila kijiji kitafute kitu kimoja chake, kikiboreshe mpaka kiuzike nje. Kwa hiyo watu wa Nakatsue walikuwa wamekaa miaka 20 na zaidi ndani ya mkoa unaowauliza: ninyi mna nini? Ukisahau hili, utadhani walibahatika tu.

Kwa nini kambi

Kombe la Dunia lina tabaka mbili za shughuli. La kwanza ni mechi, zinazodai uwanja wa makumi ya maelfu ya watu, uwanja wa ndege mkubwa na vitanda vingi vya hoteli. La pili ni kambi, na hizo huhitaji vitu vichache. Kila timu lazima ilale, ile, ifanye mazoezi na itibiwe mahali fulani kwa wiki moja hadi mbili kabla ya mechi ya kwanza, na mara nyingi muda wote itakaobaki kwenye mashindano. Waandaaji wa Japani walitoa orodha ya maeneo zaidi ya 80 yaliyojitolea kupokea timu, na Nakatsue ilikuwa miongoni mwa madogo kabisa.

Timu inayotafuta kambi hutazama mambo kwa mpangilio ambao wenyeji wengi huugeuza juu chini. Wenyeji huanza na hoteli. Timu huanza na nyasi. Uwanja lazima uwe na vipimo kamili, mita 105 kwa 68, tambarare, wenye maji ya kumwagilia kila siku. Kisha huulizwa umbali wa kutoka kitandani hadi uwanjani, na ukizidi dakika 20 za basi, kocha anaanza kukunja uso. Halafu faragha, yaani kama uwanja unaweza kufungwa siku ya mazoezi ya mbinu. Baada ya hapo ndipo huja jiko ambalo mpishi wa timu anaweza kulitumia, chumba cha tiba, barafu ya kutosha na mahali pa kufua jezi kila siku. Ubora wa vyumba uko mbali kwenye orodha hiyo, na hapo ndipo kijiji kiliweza kushindana na mji.

Walioichagua Nakatsue walikuwa Kamerun, Simba Wasiofugika, waliokuwa wametoka kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Mali mwanzoni mwa mwaka huohuo. Kikosini walikuwamo Samuel Eto'o, Rigobert Song, Marc-Vivien Foé na Patrick Mboma, ambaye aliwahi kucheza soka Japani.

Kilichotokea

Timu ilitarajiwa tarehe 19 Mei. Vyumba viliandaliwa, nyasi zikakatwa, mapokezi yakapangwa, na waandishi wa habari wakapanda milimani. Timu haikuja.

Wachezaji walikuwa Paris, wamegoma kupanda ndege mpaka suala la posho zao limalizwe na viongozi wao. Mazungumzo yalichukua siku. Walipoondoka hatimaye, ndege yao ilitua mara kadhaa njiani kujaza mafuta, na ilipofika Bangkok ikakwama tena kwa sababu ya vibali vya kupita kwenye anga za nchi zilizokuwa mbele. Kila siku kijijini ilianza na habari kwamba labda leo, na ikaisha na habari kwamba si leo.

Walitua Fukuoka usiku wa tarehe 23 na kupandishwa basi moja kwa moja kuelekea milimani. Lilifika Nakatsue yapata saa 9 usiku wa kuamkia tarehe 24 Mei. Wanakijiji walikuwa macho wakiwasubiri, na wakawapokea usiku huohuo.

Sasa tazama kalenda. Tarehe 26 Mei Kamerun ilikuwa na mechi ya kirafiki na England mjini Kobe, kwenye kisiwa kingine, Honshu. Ilikwisha 2-2. Mechi zake tatu za makundi zilikuwa Niigata, Saitama na Shizuoka, zote Honshu. Kambi iliyopangwa kuanza wiki nzima kabla ya mechi ya Kobe ilibakiwa na siku mbili tu za kabla ya mechi hiyo. Kamerun ilitoka sare 1-1 na Ireland, ikaifunga Saudi Arabia 1-0, ikafungwa 2-0 na Ujerumani, na ikaaga mashindano tarehe 11 Juni.

Maamuzi na sababu zake

*Kuomba wakiwa wadogo.* Kijiji cha watu 1,300 kingeweza kusema hili ni la miji. Kilichokisaidia ni kwamba hakikujenga kitu kikubwa kwa ajili ya mgeni mmoja. Uwanja na malazi vilikuwepo, na timu isipokuja vitaendelea kutumiwa na shule na klabu. Hili ndilo la kwanza kuigwa, kwa sababu halina gharama: hesabu ulichonacho kabla ya kuchora usichonacho.

*Kusubiri bila kulaumu.* Siku ya pili na ya tatu ya ukimya, mwenyeji yeyote ana sababu ya kukasirika hadharani. Mkuu wa kijiji alichagua kinyume chake. Aliendelea kusema wanawasubiri na watawapokea. Kwa macho ya biashara uamuzi huu ulikuwa sahihi kuliko mwingine wowote. Kamera zilikuwa zimeshafika na hazina wachezaji wa kupiga picha, kwa hiyo zikawageukia wenyeji. Kila jioni Wajapani waliona kijiji kidogo kinachongoja wageni kutoka Afrika kwa uvumilivu. Laiti kiongozi angeanza kulalamika kuhusu hasara, habari ingekuwa ya ugomvi, na kijiji kingesahaulika timu ilipoondoka.

*Kupokea saa 9 usiku.* Ingekuwa rahisi kuwaacha wachezaji waliochoka waende kulala na kufanya sherehe kesho yake. Wanakijiji walitoka. Wahenga wetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na usiku ule ulionyesha upande wa pili wa methali hiyo: mwenyeji hapati kitu kwa mgeni aliyempokea shingo upande. Picha za usiku huo ndizo Japani nzima inazozikumbuka.

*Kutofunga ukurasa.* Mashindano yalipokwisha, kijiji kiliendelea kuishikilia Kamerun kama rafiki. Maeneo mengi yaliyopokea timu mwaka ule hayakuendelea hivyo.

Matokeo

Mwaka 2002 ulipoisha, jina la Nakatsue lilishinda tuzo kuu ya maneno yaliyovuma zaidi Japani, pamoja na jina la sili, mnyama wa baharini, aliyeonekana mtoni karibu na Tokyo. Hakuna bajeti ya matangazo ambayo kijiji cha ukubwa ule kingeweza kuilipia sifa ya namna hiyo.

Novemba 2003 Kamerun ilirudi Japani na kucheza mechi ya kirafiki na wenyeji, 0-0, kwenye uwanja wa Oita, mkoa wa kijiji hicho. Katika Kombe la Dunia la 2010, Afrika Kusini, Japani na Kamerun zilipangwa kundi moja na kukutana Bloemfontein tarehe 14 Juni. Japani ilishinda 1-0, na kabla ya mechi waandishi wa Kijapani walikwenda tena Nakatsue kuuliza watashangilia nani. Miaka minane ilikuwa imepita.

Mwaka 2005 kijiji kiliunganishwa na mji wa Hita, kama vijiji vingi vya Japani katika kipindi kile cha kupunguza idadi ya serikali za mitaa. Vijiji jirani vilivyoingia Hita viliandikwa upya kuwa mitaa ya mji. Nakatsue pekee ilibaki na neno *mura*, yaani kijiji, ndani ya anwani yake, kwa sababu nchi nzima ilikuwa imelizoea jina likiwa hivyo. Barua ikitumwa huko leo huandikwa mji wa Hita, kijiji cha Nakatsue. Na Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ilipofanyika mwaka 2021, Hita ndiyo iliyowapokea wanamichezo wa Kamerun kwa kambi, miaka 19 baada ya usiku ule.

Kisichotokea lazima nacho kisemwe. Umaarufu haukuzuia watu kuhama wala wazee kufariki. Wakazi wa Nakatsue leo hawafiki 1,000. Anayedhani kambi ya timu itarudisha vijana kijijini anaitwisha mzigo usio wake.

Uchambuzi: palipofaulu

Faida ya kambi huja kwa njia tatu ambazo haziendi pamoja. Ya kwanza ni fedha za siku zile: vyumba, chakula, magari, vibarua. Ya pili ni jina. Ya tatu ni uhusiano, yaani sababu ya watu kurudi. Nakatsue ilipata kidogo sana kwenye ya kwanza, kwa kuwa siku zenyewe zilikatwa, na ikapata mno kwenye mbili zilizobaki. Kilichobadili hali ni kwamba ilikuwa na mahali pa kumpeleka mgeni wa kesho. Mtu aliyeisikia Nakatsue kwenye televisheni na akapanda gari kwenda aliikuta migodi ya Taio, akanunua tiketi, akashuka kwenye mahandaki, akala kwenye kituo cha wasafiri kando yake. Jina lisilo na mlango wa kuingilia halimlipi mtu.

Linganisha na maeneo mengine ya mwaka huohuo. Croatia ilipiga kambi Tokamachi, mji wa theluji katika mkoa wa Niigata, na uwanja uliotumika ukapewa jina la Croatia. Ni jambo dogo, ubao na jina tu, lakini kila mtoto anayecheza pale anaitaja nchi hiyo, na ubalozi una sababu ya kuja. Kwa upande wa pili kuna Saipan, kisiwa cha Pasifiki kilicho chini ya Marekani, kilichoipokea Ireland kwa mapumziko na mazoezi kabla ya mashindano. Uwanja wa mazoezi ulikuwa mgumu kama barabara, na mipira na vifaa vya timu vilichelewa kufika. Nahodha Roy Keane alilalamika, ugomvi wake na kocha Mick McCarthy ukapasuka, na akarudishwa nyumbani kabla mpira haujapigwa. Hadi leo kwa Waayalandi neno Saipan ni jina la ugomvi. Timu mbili hizo zilizoingia Japani kwa mikosi, Ireland na Kamerun, zilikutana kwenye mechi ya kwanza kule Niigata tarehe 1 Juni. Moja iliacha nyuma kijiji kinachopendwa, nyingine kisiwa kinachotajwa kwa uchungu, na tofauti kubwa ilianzia kwenye nyasi.

Uchambuzi: palipo na hatari

Ucheleweshaji ule uligeuka baraka kwa sababu ya kamera. Usitegemee kamera. Kwa mwenyeji wa kawaida, siku tano za kusubiri ni hasara tupu, na hesabu yake ni nyepesi. Msafara wa timu ya taifa wa wakati ule ulikuwa na wachezaji 23, na ukiongeza benchi la ufundi, madaktari, wapishi na viongozi unafika watu 45 hadi 60. Chukua vyumba 45. Mara siku tano, ni vyumba 225 vilivyofungwa kwa wageni wengine na havikulaliwa. Weka juu yake samaki, nyama na mboga zilizonunuliwa siku ya kwanza, mabasi yaliyokodiwa na walinzi wanaolipwa kwa zamu.

Kinga yake iko kwenye karatasi, na iandikwe kabla ya bendera ya kwanza kupandishwa. Malipo ya vyumba yahesabiwe kuanzia tarehe iliyokubaliwa, si tarehe ya kufika. Nusu ilipwe wakati wa kusaini na isirudishwe, na nusu ya pili wiki mbili kabla. Vyakula vikavu vinunuliwe mapema, ila vibichi visiagizwe mpaka msafara uthibitishe kwamba umepanda ndege ya mwisho. "Wameondoka nyumbani" hakutoshi, kama Paris na Bangkok zilivyoonyesha. Mabasi yakodiwe kwa mkataba wa kuitwa, na dereva wa akiba awepo kwa safari ya usiku, kwa sababu dereva aliyeshinda macho tangu asubuhi hapaswi kupandisha mlima saa 8 usiku akiwa na wachezaji 23 nyuma yake.

Uwanja nao una mtego wake. Wenyeji huuandaa kwa tarehe ya kufika, timu ikichelewa nyasi haziachi kukua. Mtunza uwanja aendelee kukata kila baada ya siku moja au mbili, urefu ubaki kati ya milimita 25 na 30, na asiruhusu mechi za kirafiki za wenyeji "maadamu uwanja uko wazi". Kwetu, kwenye ukoka, mchezo wa mtaani kabla ya kambi huziharibu sehemu mbili za mbele ya magoli, na hizo ndizo kocha wa makipa huzitazama kwanza. Tumia magoli ya kuhamishika wakati wa mazoezi ili kipa asichimbe mahali pamoja, na zuia matumizi mazito kwa wiki sita hadi nane kabla.

Kingine ni msemaji. Nakatsue ilikuwa na sauti moja, ya mkuu wa kijiji. Fikiria kama mwenye hoteli angesema lake, diwani lake na chama cha soka lake. Chagueni mtu mmoja, aongee mara mbili kwa siku kwa saa zinazojulikana, na asipokuwa na habari ya timu awape waandishi habari ya mahali: shule, mgodi, mpishi anayejifunza chakula cha wageni. Waandishi waliofunga safari ndefu hawataondoka mikono mitupu. Wataandika mtakachowapa au watakachokiokota.

Kwa mikoa yetu isiyo na uwanja

Agosti 2025 mashindano ya CHAN, ya timu za taifa za Afrika zenye wachezaji wa ligi za ndani, yalichezwa Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na Kampala tu, na Kenya, Uganda na Tanzania ndizo zilizopewa Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2027 kwa pamoja. Orodha ya miji yenye mechi itakuwa fupi tena. Timu 24 zitahitaji mahali pa kulala na kufanya mazoezi, na kabla ya hapo nyingine zitatafuta nyanda za juu zenye baridi.

Halmashauri inayotaka nafasi hiyo ianze na mtunza uwanja na mabomba ya maji, ambavyo huchukua misimu kadhaa kuzaa matunda, halafu ndipo izungumze na wenye hoteli. Ipige picha nyasi kila mwezi, tarehe ikionekana, kwa kuwa msafara wa ukaguzi huja siku moja na hauamini maneno. Itafute timu ambayo nchi yake tayari ina uhusiano na mahali hapo, wanafunzi, wafanyabiashara, wamisionari au mchezaji aliyewahi kuchezea klabu ya karibu. Na iwe tayari na mahali pa kumpeleka mgeni wa mwaka unaofuata, pawe na tiketi, choo safi na mtu wa kueleza. Makumbusho ya Taio yalikuwepo tayari kabla ya basi la Kamerun kufika.